Idi ya Mifuko ya Karatasi

Sogeeni, sogeeni mbele. Mlio pale mlangoni ingieni, hakuna sababu ya jua la alasiri kuwachoma migongo na humu ndani mkeka uko wazi. Na nyinyi akina mama nyuma ya pazia, leo nawataka mnisikilize kwelikweli, maana maneno yangu ya leo yanatoka jikoni kwenu. Nikikosea kitu najua mtanisahihisha, mtapitishia kwa waume zenu kama kawaida yenu.

Ndugu zangu, Idi hiyo inabisha hodi! Mwezi ukionekana leo ni kesho, usipoonekana ni keshokutwa, lakini haina pa kukimbilia tena. Mimi sifichi, nina furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nilipokuwa nakuja hapa nimepita uchochoroni, kila dirisha linatoa harufu ya iliki. Dirisha hili vileja, dirisha lile keki, dirisha la tatu sijui ni visheti vile, na mimi nimefunga. Nikaongeza mwendo. Msinicheke, na nyinyi mmepita njia hiyohiyo.

Basi katika kuikimbia harufu hiyo nikamfikiria mwanamke mmoja. Msiniulize ni wa mtaa gani, wala msianze kuangaliana. Nimemtunga mwenyewe nikiwa njiani, na jina sikumpa. Lakini nadhani mtamjua.

Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye heshima zake. Katika ujana wake alikuwa mpaka hina, na si mpaka hina wa kubahatisha. Bibi harusi wa mji ule alikuwa bado hajawa bibi harusi mpaka mikono na miguu yake ipite kwa mama yule. Macho yalipopungua nguvu akaiacha kazi, ila mkono wake haukusahau kitu. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani. Alikuwa amebaki na binti mmoja, kitinda mimba, na binti huyo akaolewa mwezi wa Shaabani, kama mnavyojua harusi zetu zinavyokimbizana na Ramadhani. Mumewe akamchukua, wakaenda kuishi mbali.

Kwa hiyo Idi hiyo ninayoisimulia ilikuwa ya kwanza mama yule kuwa peke yake ndani ya nyumba. Wengine hapa mnaelewa maana yake, hamhitaji kuelezwa. Alikuwa anaiogopa siku ile. Mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa akimwomba Mungu jambo moja baada ya kila sala, kwamba siku ya sikukuu nyumba yake isiwe kimya. Hakuomba nguo wala hakuomba pilau. Aliomba watu.

Sasa, mtaa wake ulikuwa na desturi, na ni hii hii yetu. Ukipika kitu kizuri unampelekea jirani sahani, umeifunika kawa. Jirani anakula, anaiosha sahani, na hairudishi hivihivi. Anatia chochote alicho nacho, hata kama ni ndimu za mtini kwake, hata kama ni sukari kidogo kwenye kipande cha gazeti. Sahani inakwenda na kitu, inarudi na kitu. Ndivyo tulivyokuta, na sidhani kama yuko mtu hapa aliyewahi kukaa akajiuliza kwa nini.

Mama yule alikuwa hodari wa kupeleka. Vileja vyake vilikuwa vinayeyuka mdomoni, keki yake ilikuwa ya mayai kweli, si ya kupaka rangi ya manjano. Lakini kupokea? Hapo ndipo palipomshinda. Yeye anapeleka vileja, anarudishiwa kaimati zilizolala. Anapeleka keki, anarudishiwa mkate wa sinia ulioungua chini. Anasema ahsante pale mlangoni, anacheka vizuri, akishafunga mlango anaonja kwa ncha ya kidole, kisha kitu chote kinakwenda kwa kuku. Kuku wa mama yule walikuwa wanene kuliko kuku wote wa mtaa, na watu walikuwa wakimsifia ufugaji.

Akina mama, nasikia mnacheka huko. Nani anafuga kuku?

Basi kumi la mwisho la Ramadhani likafika. Siku moja mchana wifi yake akaja kumtazama. Wifi huyu alikuwa anakaa upande mwingine wa mji, ana nyumba yake na watoto wake. Alipoingia akakuta ukumbi mzima umefunikwa na karatasi. Karatasi za kaki, zile ngumu za rangi ya udongo, zimetandazwa mkekani. Pembeni mkasi, utepe wa kijani, na sufuria ya gundi iliyopikwa kwa unga wa ngano.

"Heh! Wifi," akasema, "umefungua kiwanda au umefungua shule?"

"Vua viatu, usinikanyagie karatasi zangu," mama yule akamjibu. "Kaa hapo, shika mkasi. Mwaka huu mtaa huu utaona Idi ambayo haujawahi kuiona."

"Utaona nini?"

"Mifuko! Kila nyumba mfuko wake, wa karatasi, umenakshiwa. Ndani natia vileja, kashata, tende, halua, na ubuyu kwa ajili ya watoto. Sahani yangu haitoki nje ya mlango huu tena. Nimechoka kurudishiwa sahani zimepasuka kingo."

Wifi akashika mkasi. Alikuwa mtu wa utani lakini hakuwa mjinga. Akauliza, "Na wao watakuletea vyao kwenye nini?"

"Wasilete! Nani kawaomba? Wakishakula, mfuko watupe. Hakuna kurudisha, hakuna kudaiana. Mimi natoa kwa ajili ya Mungu."

Mmelisikia neno hilo? Natoa kwa ajili ya Mungu. Neno zuri sana, na alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Tuliweke hapo kwanza, tutalirudia.

Haya, wakaanza kazi. Na jamani, ile kazi ilikuwa raha! Karatasi ilikatwa, ikazungushwa kwenye kopo la maziwa ya unga ili mfuko upate umbo, chini ikakunjwa kitako cha kusimamia, ikapakwa gundi. Gundi yenyewe ilitiwa karafuu mbili tatu ili mende wasiitamani, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inanukia. Mdomo wa mfuko ukakatwa meno madogo madogo. Juu yake vishikio vya utepe wa kijani.

Halafu ikaja ile sehemu yenyewe. Mama akaenda chumbani, akafungua sanduku lake la zamani, akatoka na piko, ile hina nyeusi, na kijiti chake cha kuchorea. Wifi akaweka mkasi chini. Alikuwa hajaiona piko ile tangu mama yule aache kazi.

"Utachorea karatasi?" akauliza.

"Karatasi haina jasho, haichezi, wala hailii kwamba imechoka kukaa. Laiti mabibi harusi wangekuwa karatasi."

Akainama. Mstari wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukanyooka, na baada ya hapo mkono ukaenda wenyewe. Asumini zikachanua pembeni mwa mfuko. Mlangilangi ukateremka kutoka kwenye kishikio. Mwezi mwandamo ukakaa katikati na nyota yake. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga alichora kiganja kidogo kilichopakwa hina. Kwa nyumba ya mwalimu wa madrasa alichora mlango wa nakshi, na misumari yake yote. Hakurudia nakshi hata mara moja, kila nyumba ilipata yake. Alikuwa anacheka peke yake huku anachora, koo limekauka kwa saumu, vidole vimekuwa vyeusi, na wifi naye akaacha kukunja akabaki kumtazama tu. Akamwambia, "Wifi, ulikuwa umekwenda wapi siku zote hizi?"

Nataka mwone furaha ile. Siifanyii mzaha. Ilikuwa furaha ya halali. Mama yule alikuwa amejiinamia mwezi mzima kwa sababu ya binti yake, na sasa alikuwa mtu mzima anayesubiri sikukuu kama watoto wanavyoisubiri. Kila akimaliza mfuko anauinua mbele ya dirisha, anamfikiria mwenyewe wa kupewa, anamwona anavyoshtuka, anavyoita watu wa nyumbani waje waone. Na moyoni anajiambia, watakaponiona nimewafanyia hivi, mtaa mzima utakuwa kwangu. Hapatakuwa na pa kukanyaga!

Jioni moja kabla ya futari kazi ikaisha. Mifuko ikapangwa ukutani, imesimama safu. Wifi alipokuwa anaaga, akageuka mlangoni akasema, "Wifi, peleka mifuko yako, ni mizuri mno. Ila toa na sahani mojamoja, angalau kwa majirani wa karibu."

"Wewe nawe na sahani! Sahani za nini?"

"Sijui. Naona tu."

"Nenda kafuturishe watoto wako," mama akamwambia, wakacheka, wakaagana.

Mwezi ukaandama. Takbiri zikasikika mji mzima. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajakwenda kusali, mifuko ikatoka. Ndugu zangu, kama mngekuwepo! Milango ilifunguka, watu wakapiga kelele. "Jamani njooni mwone!" "Hii ni ya kula au ya kutundika?" Mwalimu wa madrasa aliushika mfuko wake akauzungusha mara nyingi, akasema hajawahi kupewa kitu kilichofikiriwa namna hii. Jirani wa mlango wa mbele, mama mmoja mwenye watoto wengi na mume asiye na kazi ya kudumu, alikaa kizingitini akaupakata wa kwake. Machozi yalimtoka. Alisema ahsante, akasema tena ahsante, mpaka mama yule akaona aibu akakimbilia nyumbani kwake.

Akaoga. Akavaa kanzu mpya, akafukiza udi. Akatandika mikeka ukumbini, mkeka mpaka mkeka, akapanga mito. Pilau ilikuwa jikoni, sufuria la arusi, si la mtu mmoja. Akakaa akiutazama mlango.

Watoto walikuja, nisiseme uongo. Walikuja kundi zima na nguo zao mpya, wakampa mkono wa Idi, wakapata chochote chao, na kabla hajawauliza wanataka pilau wakawa wameshatoka mbio kwenda kwenye mabembea. Watoto siku ya Idi huwezi kuwakalisha.

Akasubiri. Adhuhuri ikaadhiniwa, akasali, akarudi kukaa. Pilau ikapoa. Akaipasha moto, ikapoa tena. Akatoka kutazama kama mlango wa nje umefungwa kwa bahati mbaya. Ulikuwa wazi.

Baada ya adhuhuri akaanza kusikia nyayo uchochoroni. Mnazijua nyayo hizo. Ni ule mwendo wa mtu aliyebeba sahani, mwendo wa polepole, ndara zinaburuzika, kawa limefunikwa juu. Akainuka. Nyayo zikapita. Zikaja nyingine, zikapita. Nyumba ya kushoto ilikuwa inapeleka kulia, ya kulia inarudisha kushoto, na kila sahani ilikuwa inaingia ndani na mtu wake, mtu anaambiwa kaa kidogo, anakaa, anaonjeshwa, anachekeshwa, anachelewa, anakuja kufuatwa na mwenzake, na mwenzake naye anaambiwa kaa. Sauti zilikuwa zinavuka ukuta. Vicheko vya majirani zake vyote alivijua kimoja kimoja, na vyote vilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Karibu na alasiri nyayo zikasimama mlangoni kwake. Palepale! Mama yule aliruka kama msichana. Akasogeza pazia, na kweli, mke mmoja kijana alikuwa amesimama na sahani mkononi, anarekebisha ushungi wake.

"Karibu mwanangu, karibu, ingia! Ingia ndani!"

"Shikamoo mama. Idi njema." Yule kijana akaona haya. "Nilikuwa najifunga vizuri tu, mama. Sahani hii ni ya nyumba ya pili, nairudisha."

"Lo. Haya, haya. Wasalimie."

"Mfuko wako, mama! Mume wangu amesema usifunguliwe, tumeuweka juu ya kabati. Tungekuja, lakini kwako hatuna sahani."

Kwako hatuna sahani.

Akapita zake. Mama yule akabaki amelishika pazia. Nawauliza, nani aliyemnyima watu siku ile? Je, majirani walikuwa na ubaya? Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanampenda, mfuko wake umewekwa juu ya kabati! Je, Mungu hakuisikia dua yake ya mwezi mzima? Tusiseme hivyo. Dua yake ilikuwa na njia, na njia ile ilikuwa na upana wa sahani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiziba, kwa karatasi nzuri, kwa utepe wa kijani, huku anacheka.

Hapo angeweza kulia. Angeweza kufunga mlango aseme watu hawana shukrani, na kesho yake angeanza kumsimulia kila mtu: mimi niliwafanyia hiki na hiki, na hakuna aliyenijali. Tunawajua watu wa namna hiyo. Lakini yule mama, Mungu ampe kheri, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake. Aliteremka kizingiti, akavuka uchochoro mikono mitupu, siku ya Idi, na kanzu yake mpya, akaenda kwa yule jirani wa mlango wa mbele.

"Hodi."

Mle ndani kelele zikakatika. Jirani akatoka mbio, anafuta mikono kwenye kanga. "Karibu! Mama, kuna nini? Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Nimekuja kuomba chakula."

Jirani akamtazama. Alidhani anataniwa. "Chakula? Wewe? Kwangu?"

"Kwako. Nina njaa."

Jirani akajiinamia. "Mama yangu, usinifanyie hivi. Mfuko wako ulinitisha. Tangu asubuhi nazunguka humu ndani najiuliza, mtu huyu nitamrudishia nini, na nitatia kwenye nini? Nikaona haya kuja. Na sasa umekuja mwenyewe, pilau imekwisha. Umebaki ukoko."

"Si wa pilau?"

"Wa pilau, lakini umeshika chini, umeungua."

"Nipe huohuo."

Akapewa. Ukoko mweusi, umekwanguliwa kwa kijiko, kwenye sahani ya bati ambayo rangi yake imebanduka. Akaambiwa kaa, akakaa chini mkekani katikati ya watoto wa watu, akala. Mbele yao, kwa mkono, si kwa ncha ya kidole! Akatafuna ukoko mpaka ukalia menoni, na watoto wakacheka, naye akacheka. Na alipoinuka kuondoka akasema maneno ambayo jirani yake hakuyategemea. Alisema, "Sikumaliza. Uliobaki nakwenda nao nyumbani. Sahani yako nitairudisha."

Akatoka nayo nje. Ndugu zangu, mtaa mzima ulikuwa mabarazani saa ile ya alasiri, na mtaa mzima ulimwona. Mama wa vileja, mama wa keki ya mayai, anavuka uchochoro amebeba ukoko wa jirani kwenye sahani ya bati, na anatembea polepole ili kila mtu aone. Mama mmoja barazani akamwita, "Mama, kumbe wewe unakula vyetu?"

"Nakula! Nani kasema sili?"

"Basi subiri hapohapo!" Akaingia ndani mbio. Na mwingine akaingia kwake. Na mwingine. Kabla ya magharibi mikeka yote ilikuwa imekaliwa, na sufuria lile la arusi halikutosha.

Huo ndio mfano wangu. Sasa tutazamane.

Msitoke hapa mkasema, shehe amekataza mifuko ya karatasi. Tengenezeni mifuko! Ichoreni, ipambeni, itieni karafuu kwenye gundi, mtoto wa jirani akiiona alale nayo. Ule uzuri haukuwa kosa. Kosa lilikuwa dogo, limejificha ndani ya lile neno zuri tuliloliweka pembeni. Natoa kwa ajili ya Mungu, wasiniletee kitu. Nusu ya kwanza ni ibada. Nusu ya pili ni kiburi, nacho kimevaa nguo ya ibada. Maana anayetoa tu na hapokei amejiweka juu, na amewaweka wenzake chini, na huko juu hakuna wa kukaa naye. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipewa zawadi anapokea. Sisi ni nani hata tukatae?

Na nisiwaseme akina mama peke yao, maana naona wanaume mmekaa kwa raha sana, mnadhani haya ni mambo ya vileja. Tujigeukie sisi wenyewe, sisi wa msikiti huu. Mwezi mzima tumekuwa tukigawa futari pale getini. Mifuko imefungwa vizuri, tende, unga, mafuta, Mungu atulipe. Watu wanapanga mstari, wanapokea, wanasema ahsante, wanaondoka. Nami nawauliza swali dogo, msinijibu kwa sauti, mjijibu moyoni. Wale watu wa getini, ni nani miongoni mwetu anayejua wanakokaa? Ni nani amewahi kuketi kwenye mkeka wao? Tunawapa kila mwaka, na kila mwaka hatuwapi nafasi hata ya kutukaribisha maji. Halafu tunashangaa kwa nini sala ikiisha wanatoka kwa mlango wa nyuma, na kwa nini tukifiwa hawaji. Wangekujaje? Kwetu hawana sahani.

Mnaona sasa? Kumpa mtu ni wema. Kumwambia mtu, na wewe una kitu ninachokihitaji, huo ni undugu. Na yule maskini wa getini, ndugu zangu, mfuko wa unga utakwisha wiki hii. Siku utakayokula kwake, ukaomba uongezewe, ataisimulia kwa wajukuu wake.

Kwa hiyo sikuombeni mtoe zaidi Idi hii. Mmetoa, na Mungu ameona. Naomba jambo gumu zaidi, hasa kwa nyinyi mnaojiweza, mliokaa safu ya mbele. Ukitoka kusali Idi, usiende moja kwa moja nyumbani kwenye pilau yako. Chagua nyumba mojawapo ya wale tunaowapa getini. Usibebe mfuko. Usibebe kitu chochote. Piga hodi, vua viatu, kaa chini, na mwenye nyumba akitoka amehangaika anakuuliza umefuata nini, mwambie, "Ndugu yangu, nina njaa. Mmepika nini?"